Mahindi ya Mzee Kiptanui na Mtandao wa Cheptoo

Cheptoo ndiye mtu wa pekee hapa Subukia ambaye sijawahi kumshinda kwa maneno, na huyo Cheptoo hasikii wala haongei na mdomo. Wengine wote nimewamaliza. Kuna mwenye bucha kule Kikopey aliniambia atanikatia nyama kubwa kuliko ya wateja wengine, bora niende nikaikulie mbali.

Mimi ni fundi Mbugua. Nafunga antena, nafunga kamera za geti, nafunga rauta. Shule niliacha darasa la saba. Mwalimu wangu wa hesabu alisema nitarudi nikilia. Mwaka juzi nilimfungia mtandao nyumbani kwake, akaona wajukuu wake walioko ng'ambo, na ni yeye alilia. Kutoka hapa mpaka Mai Mahiu hakuna mtu anashika antena kunishinda, na ukimpata, uliza ni nani alimfundisha. Lakini hii hadithi si yangu. Ni ya Cheptoo. Mimi nimo ndani kwa sababu nilikosea, na hiyo ni kitu haitokei kila mwaka.

Boma yao na yetu zimetenganishwa na ua wa miiba ya kayaba. Baba yake ni mzee Kiptanui, yule wa mahindi. Cheptoo alizaliwa akisikia vizuri. Akiwa na miaka minne akashikwa na homa ya uti wa mgongo, wakampeleka hospitali Nakuru, akakaa huko wiki tatu. Akarudi amekonda lakini anacheka. Mama yake alimuita kutoka jikoni siku tatu mfululizo, akidhani mtoto amekuwa mkaidi, mpaka siku ya nne sufuria ikaanguka nyuma ya mtoto, paka akaruka, mtoto hakugeuka. Hapo ndipo walielewa.

Watu wa hapa walianza kumuita bubu. Yeye hakusikia, kwa hivyo haikumsumbua. Ilisumbua mama yake. Huyo mama akatafuta shule ya viziwi, akampeleka bweni, na kila likizo Cheptoo alikuwa anarudi na mikono imejaa maneno na nyumbani hakuna wa kuambia. Baba yake alijua ishara kama kumi hivi za kujitungia: kula, lala, ng'ombe, mvua. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaachana na shule, nachunga ng'ombe zetu kando ya ua, na mdomo wangu haujawahi kupenda kukaa bure. Akaamua atanifundisha. Nikikosea alikuwa ananichapa vidole na kijiti. Mimi huambia watu nimeenda shule mbili, na ni hii ya pili tu nilimaliza.

Viziwi wana desturi yao. Hawakuiti Mbugua, kwa sababu herufi ni nyingi na mkono unachoka. Wanakupatia jina la mkono, na jina hauchagui, unapewa. Jina langu ni vidole vinne na kidole gumba vikifunguka na kufungana karibu na midomo, kama bata akikula. Yaani Mdomo. Nilikataa. Nikamwambia nataka jina la mtu mwenye misuli. Akaniangalia, akafungua na kufunga tena vidole. Mpaka leo, kiziwi yeyote wa kutoka Nakuru akikutana na mimi ananiita hivyo.

Alimaliza shule akiwa na cheti cha ushonaji. Mama yake akafariki mwaka huo huo. Cheptoo akabaki na mzee, na ng'ombe nne, na cherehani moja nzito ya kukanyaga. Chini kabisa ya shamba, karibu na barabara, kuna nyumba ya mawe ya zamani, ile walikuwa wanakaushia pareto, maua ya dawa ya wadudu, wakati watu walikuwa wanalima pareto. Ilikuwa imejaa magunia na kuku. Cheptoo aliifagia mwezi mzima, akatoboa madirisha mawili makubwa, akaweka mabati zile zinapitisha mwanga. Watu walishangaa fundi wa nguo anataka jua lote hilo la nini. Mimi nilijua. Mtu wa kuongea na mikono, ukimuweka gizani umemfunga mdomo.

Hapo ndipo anashona. Na anashona vizuri, mtu asikudanganye. Kuna suruali yangu moja alinishonea, nikiivaa watu wananisalimia "boss" kabla sijafungua mdomo. Nikifungua wanaacha.

Shida ya hiyo nyumba ya chini ni kwamba iko ndani ya bonde kama kitu imeanguka shimoni. Netwaki hakuna, hata ya kupiga simu. Ukishuka huko simu yako inakuwa tochi. Nyumba ya juu, ya mzee, mtandao uko, tena mzuri. Uliwekwa na kaka yake Cheptoo anaitwa Kimaiyo, dereva wa lori, ili akiwa safarini aone mzee kwa video na kuuliza kama amemeza dawa ya presha. Mzee humjibu "nimemeza" na dawa ziko hapo nyuma yake kwa meza, zinaonekana zote.

Sasa wewe na mimi, simu ikikataa tunapaza sauti, tunatuma mtu. Cheptoo simu yake ni video. Bila video hana sauti. Kwa hivyo akitaka kuongea na mteja, anapanda kilima chote mpaka kwa mzee, anaongea, anashuka, anakuta mteja mwingine amechoka kungoja ameenda. Na cherehani huwezi kupandisha huko. Walijaribu mara moja, wanaume watatu. Sebule ya mzee ina dirisha moja kama la benki, na wageni wake hawaishi kuja.

Mwaka huu, mwezi wa pili, akaniambia kwa mikono, "Mdomo, leta mtandao chini."

"Hiyo ni kazi ya asubuhi moja," nikamwambia.

"Ulisema hivyo hata kuhusu choo yenu."

"Choo ilikuwa na mwamba."

"Choo ilikuwa na wewe."

Nikaenda Nakuru, nikarudi na antena mbili, kila moja kama sahani ya ugali. Hii maneno ni rahisi. Antena moja inakaa kwa nyumba ya juu, inachukua mtandao kwa rauta. Ya pili inakaa kwa nyumba ya chini. Zinaangaliana. Zikionana, zinaongea. Zisipoonana, zinanyamaza kama watu wamekosana. Basi, umejua kazi yangu yote, usiniharibie soko.

Kutoka juu mpaka chini ni hatua mia tatu na kumi za mguu wangu. Shamba lilikuwa tupu, limelimwa, udongo mwekundu na vumbi. Katikati linainuka kidogo, kama mgongo wa ng'ombe, halafu linashuka. Nilifunga ya juu kwa ukuta, chini ya paa. Ya chini nikafunga kwa ncha ya ukuta wa mawe. Ukisimama pale kwa mgongo wa shamba, mstari wa kutoka antena moja hadi nyingine unakupitia kifuani.

Kuzilenga ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu nikiwa juu siwezi kumpigia simu aliye chini, na nikiita mpaka mishipa itoke Cheptoo hatageuka. Ni yeye alipata njia. Alichukua kioo, kile kirefu cha wateja kujipimia nguo, akasimama nacho karibu na antena, akageuza jua likanipiga macho huko juu. Nikalenga ule moto. Dakika tano, taa zote kijani. Nimefanya hii kazi miaka tisa na sijawahi kulenga haraka hivyo. Siku hizi natembea na kioo, na nikiulizwa nasema nilivumbua mwenyewe.

Mzee Kiptanui alikuwa ameketi kwa kiti chake anatuangalia.

"Mbugua. Sasa waya iko wapi?"

"Hakuna waya, mzee. Inapita kwa hewa."

"Na ikipita juu ya ng'ombe?"

"Maziwa itatoka ikiwa imeganda, mala tayari."

"Usinichezee, kijana." Akafikiria kidogo. "Lakini mbona umeweka chini hivyo? Nguzo za stima huwa ndefu."

"Mzee, nguzo ndefu ni ya mafundi waoga."

Mzee akainuka. Amepanda mahindi kwa hilo shamba miaka arobaini. Mimi nimezaliwa kando yake. Wawili sisi tulisimama pale tukiangalia shamba tupu, tukaliona ni tupu.

Miezi minne ilikuwa mitamu. Wateja wa Cheptoo wakawa wanampigia video akiwa kwa cherehani. Anawaonyesha kola, wanakataa, anawaonyesha nyingine. Mwezi wa tano akapigiwa na mwanamke wa Nakuru anaitwa Natalie, kiziwi pia, anayeongoza kikundi cha wanawake viziwi wanaotaka kujifunza kushona. Wako kumi na moja, wengine Njoro, wengine Gilgil, mmoja Naivasha. Walikuwa wamejaribu walimu wawili wanaosikia. Walimu wazuri, lakini wakianza kukata kitambaa wanainama na kuwapa mgongo, huku wanaendelea kueleza, na wanafunzi wanabaki kuangalia shati. Natalie alikuwa ameona gauni moja ya Cheptoo kwa harusi, akauliza ni nani alishona.

Wakakubaliana hivi. Jumamosi tatu za mwezi wa nane, Cheptoo afundishe kwa video, kila mwanafunzi akiwa kwake. Zikienda vizuri, awe mwalimu wao miaka miwili, mpaka wafanye mtihani wa serikali.

Lazima ujue kitu kimoja. Miaka minne iliyopita Cheptoo alienda kuomba kazi ya kufundisha ushonaji mahali fulani, jina sitaji. Mimi ndiye nilienda kumtafsiria. Yule mkubwa wa pale aliangalia nguo zake, akazisifu, halafu akaniuliza mimi, si yeye, "Sasa atafundisha aje na hasikii?" Nilitafsiri. Njia yote ya kurudi mikono yake ilikaa kwa mapaja. Kwa hivyo Natalie aliposema neno mwalimu, Cheptoo alikuja mpaka kwa ua akaniita kwa kurusha jiwe, akaniambia hiyo ishara mara tatu. Mwalimu. Mwalimu. Mwalimu. Nikamwambia nimeelewa mara ya kwanza, mimi si mwanafunzi wake.

Mtandao ulianza kusumbua mwezi wa saba, kidogo kidogo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, darasa likaanza na baada ya nusu saa picha zikaanza kuganda. Kwa watu kama sisi, picha ikiganda unaendelea kusikia sauti. Kwao, mkono ukiganda hewani, neno limekatwa katikati. Alikuwa anawaambia wasikate kabla ya kupima, na mwanamke wa Njoro akapata ile ishara ya kukata peke yake. Akakata. Mkono wa blauzi ukatoka kama wa mtoto.

Jumamosi ya pili mvua ilinyesha asubuhi. Darasa lilikufa kwa dakika arobaini nzima. Jioni Natalie akatuma ujumbe, wa heshima kabisa: ikikatika tena Jumamosi ijayo, watalazimika kutafuta mwalimu wa mjini, hata kama anasikia.

Mimi sasa nikaanza kazi. Nilibadilisha kebo. Nilibadilisha plagi. Nilipigia kampuni ya mtandao nikawagombeza vizuri mpaka yule dada wa simu akaniuliza kama niko sawa nyumbani, na kumbe nyumba ya juu mtandao ulikuwa unaenda kama kawaida. Nililaumu ndege. Nililaumu ng'ombe mmoja mweusi ambaye hujikuna kwa ukuta, nikamwekea miiba hapo, akaja akajikuna nayo akafurahi zaidi.

Cheptoo hakulaumu mtu. Aliangalia. Alipeleka kiti nje ya nyumba ya chini, akaweka simu kwa paja, akashona vifungo na kuangalia siku nzima. Jumatano akaniambia alichoona. Asubuhi kukiwa na umande, mtandao haufiki. Saa sita jua likiukausha, mtandao unarudi. Upepo ukivuma, unakuja na kwenda. Mvua ikinyesha, kwisha.

"Hiyo ni kampuni," nikamwambia.

"Nenda juu. Simama kwa antena. Ungoje kioo."

Nikapanda. Nikasimama pale kwa ukuta, nikangoja ule moto wa jua kama mwezi wa pili. Hakuna. Nikangoja mpaka nikadhani amelala. Halafu nikaona mwanga unaruka huko juu zaidi, mara uko, mara hauko. Kumbe alikuwa amepanda juu ya meza ya kukatia nguo, na kioo amekiinua juu ya kichwa, na hata hivyo jua lilikuwa linanifikia vipande vipande katikati ya vichwa vya mahindi.

Niliangalia hiyo mahindi kama mtu ameonyeshwa mara ya kwanza. Ilikuwa imesimama kutoka ua hadi ua, ndefu kunishinda, mabichi, majani mapana yanameta na maji. Na pale katikati, kwa ule mgongo wa shamba, ilikuwa imesimama mbele ya antena zangu kama watu wamekuja kuangalia mpira.

Nikaketi chini.

Cheptoo alikuja akipasua mahindi na mabega, majani kwa nywele. Akasimama mbele yangu, hata hakupumzika.

"Mdomo, wewe ulizaliwa wapi?"

"Wacha hiyo."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa watu hupanda nini?"

Nikaangalia kando. Lakini kwa lugha yao, ukiangalia kando umeziba masikio, ni madharau. Akanishika kidevu akanigeuza.

"Mahindi," nikasema.

"Na mahindi ikinyeshewa hufanya nini?"

"Nimesikia, Cheptoo."

"Fundi bora kutoka wapi mpaka wapi?"

Nikainuka nikapangusa suruali.

Dawa yake ilikuwa nguzo, zile za mafundi waoga. Nikakimbia kwa mwelda wa sokoni, yule wa kuunga vyuma. Akasema bomba ndefu za nguzo atapata Jumanne. Darasa ni Jumamosi, na siku ni Jumatano. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja: kutoa mahindi pale kwa mgongo wa shamba, mistari mitano, urefu wa hatua thelathini. Si shamba lote. Kidirisha tu.

Tukaenda kwa mzee.

"Unataka nikate mahindi," akasema mzee Kiptanui, polepole, kama anasoma barua ya mtu mwingine.

"Mistari mitano tu, mzee."

"Hii mahindi imebeba. Umeona mtu akikata mahindi ikiwa na mtoto mgongoni?"

"Sijaona, mzee."

"Hata ng'ombe zangu hazijawahi. Mngoje mwezi wa kumi na moja, nikivuna."

Cheptoo akajaribu na mikono, lakini zile ishara zao kumi hazina ishara ya darasa, wala ya Natalie. Mzee alielewa "simu" na "Jumamosi." Akasema simu anaweza kuja kuongelea kwa sebule kama zamani. Kwake ilikuwa ni mambo ya kupiga stori.

Tukashuka. Katikati ya shamba Cheptoo akasimama, akavuta mahindi moja, akafungua maganda kidogo, akaibonyeza na ukucha. Ikatoa maziwa mazito. Pale kwa mgongo maji hayasimami, na ndipo mzee huanza kupanda kila mwaka. Karibu yote ya pale ilikuwa imeiva ya kuchoma, wakati ile ya chini ilikuwa bado na nywele nyeupe.

Akaniangalia. Mimi namjua huyu tangu enzi za kijiti. Nikajua kuna mtu anaenda kutumwa.

Sasa, sijui kwenu, lakini hapa mahindi mabichi ya kwanza haina mwenyewe. Mtu ambaye yake imetangulia kuiva anatarajiwa kuita watu, na jirani akipita akisema "mzee, tumesikia yako imekuwa," humwambii apite. Mzee Kiptanui ndiye wa kwanza kwa hilo. Huwa anaona fahari kabisa, anajifanya hataki sifa huku anavuta viti.

Alhamisi nilizunguka ukanda wote, na kwa mara ya kwanza maishani watu walifurahi kuniona. Niliambia kila boma kwamba mahindi ya mzee imeiva, waje Ijumaa baada ya saa nane na vikapu. Nilipita kwa wamama wa kanisa. Nilipita kwa mzee Muiruri, jirani wa upande wa chini, ambaye anaweza kumaliza mahindi kumi na mbili akilalamika kuhusu meno.

Ijumaa watu karibu thelathini waliingia kwa boma. Mzee alitoka akakuta wanampongeza.

"Mzee, mwaka huu umetupita tena," Muiruri akamwambia.

"Ah, ni Mungu tu na mbolea," mzee akasema, na tayari alikuwa anatafuta makaa. "Ingieni, chukueni, si mko nyumbani."

Cheptoo akaongoza vikapu. Asubuhi mapema alikuwa ameshuka akafunga vitambaa vyekundu kwa mabua, kila mstari ulioiva ulioko njiani. Watu wakavuna pale penye kitambaa. Na bua likishatolewa mahindi si mahindi tena, ni chakula cha ng'ombe, kwa hivyo nyuma yao mimi nilikuwa na panga. Nilikata, nikafunga mizigo, nikabeba. Huyo ng'ombe mweusi alinipokea vizuri kuliko siku zingine.

Kufikia saa kumi boma lilikuwa linanuka mahindi ya kuchoma na watu wamechafuka midomo. Mzee alisimama na yake mkononi, akatazama shamba. Akatazama muda. Akaacha kutafuna.

"Mbugua."

"Naam, mzee."

"Nimekulisha mahindi tangu ukiwa mtoto. Sijawahi kuona wageni wakivuna kwa laini imenyooka hivi."

Watu wakageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa na maneno kama kumi tayari, ningeweza kumzungusha mpaka magharibi. Cheptoo akanishika mkono. Akaenda akasimama mbele ya baba yake, na mimi nikatafsiri, neno kwa neno, sikuongeza langu.

"Baba, ni mimi nilipanga. Vile vitambaa ni vyangu. Mtandao si wa kupiga stori. Kuna wanawake kumi na moja wanataka niwafundishe kushona, na mtandao usipofika kesho, watatafuta mwingine. Nilishaenda kuomba kufundisha mahali wakasema siwezi kwa sababu sisikii. Hawa wananitaka kwa sababu sisikii."

Mzee aliangalia mikono yake wakati wote, si mdomo wangu. Halafu akaniuliza, "Hao kumi na moja. Hakuna anayesikia?"

"Hakuna, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akageukia shamba. Kulikuwa kumebaki mstari mmoja na nusu upande wa kushoto, ule ulipandwa nyuma ya wengine. Mahindi yake ilikuwa ndogo kama kidole, haiwezi kuliwa na mtu, na bado ilikuwa imesimama njiani. Hiyo ndiyo sikuwa nimemwambia Cheptoo. Nilikuwa natumaini tu mtandao utapenya.

"Na hizo?" mzee akauliza.

"Hizo pia zinaziba, mzee. Lakini hazijaiva, kwa hivyo tumeziacha."

Mzee akaweka mahindi yake juu ya kiti. Akaninyooshea mkono na mimi nikadhani nimekwisha, kumbe anataka panga. Akashuka mwenyewe na miguu yake mibaya, Muiruri nyuma yake akimuuliza kama amechanganyikiwa, na akakata zile bua na watoto wao mgongoni, moja moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza akamwangalia Cheptoo, akatafuta kwa zile ishara zake kumi, hakupata. Akanionyesha mimi na kidole. "Mwambie hiyo neno ya mwalimu inafanywa aje."

Cheptoo akamwonyesha mwenyewe. Akarudia mara mbili mpaka vidole vikakubali.

"Na wewe," mzee akaniambia, "Jumanne bomba zisipofika, utasimama kwa paa na hiyo antena mkononi. Mpaka nivune."

Jumamosi saa tatu darasa likaanza. Mimi nilikaa nje chini ya ukingo wa mabati, macho kwa taa za antena, kijani zote nne. Ndani kulikuwa na sura kumi na moja kwa kioo cha kompyuta, na Natalie wa kumi na mbili. Cheptoo alikuwa anawafundisha kola. Anaweka kitambaa, anaonyesha, anaacha kitambaa, anaongea, anarudi kwa kitambaa. Hakuwapa mgongo hata mara moja. Yule wa Njoro alikuwa mbele kabisa na uso karibu umeingia kwa kioo.

Saa nne na nusu mvua ikaja. Si ile ya kuchezea, ile ya Subukia ya mwezi wa nane, inapiga mabati mpaka huwezi kusikia unachofikiria. Nikatoka nikasimama nje niangalie taa. Moja ikazima. Nilisema maneno ambayo mama wa kanisa asingependa. Zile tatu zikabaki. Nikachungulia dirishani, mikono ya kule Gilgil ilikuwa inaenda, ya Naivasha inaenda, hakuna iliyoganda. Cheptoo hakujua hata kwamba mvua inanyesha, kwa sababu mwanga ulikuwa unamtosha na hakuwa ameinua macho.

Walimaliza saa sita kasoro. Kila mmoja akainua kola yake ionekane. Mbili zilikuwa zimepinda. Halafu wote wakainua mikono juu wakaitikisa, kumi na mbili kwa mara moja, ndivyo wanapiga makofi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nimelowa, nikingoja Natalie aseme kama amekubali ama amekataa. Hakusema. Aliuliza tu Jumamosi ijayo wanunue kitambaa gani.

Cheptoo alifikiria. Akawaambia pamba, mita mbili kila mtu, isiwe ya kuteleza, na yule wa Njoro anunue mita tatu.